Kuchagua kioo kisichorudisha mwanga kwa picha ya ukutani

Mama mmoja wa mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, aliniletea picha ya marehemu baba yake. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, ya studio, mzee ameketi kwenye kigoda na zeze lake mapajani. Alitaka fremu ya mninga na "kile kioo kisichong'aa", maana sebule yake ina dirisha kubwa na kila akimtazama baba anaishia kujiona mwenyewe. Nikamwekea kioo cha mati, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nacho. Ili ipendeze nikaongeza kadi za pembeni mbili, yale makaratasi magumu yanayoizunguka picha ndani ya fremu, moja juu ya nyingine. Alipokuja kuichukua aliishika kwa mikono miwili, akainyoosha mbali kidogo, akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona baba yangu yuko kwenye ukungu?"

Alikuwa amesema kweli. Nilimbadilishia nikamwekea kioo cha kawaida bila kumtoza, tukaenda naye nyumbani, tukahamishia picha ukuta wa pembeni, na ule mng'ao ukaisha. Kioo cha bei hakikuhitajika kabisa. Haya ninayoandika ndiyo nilipaswa kuyajua siku ile: kwamba jina moja, "kioo kisichorudisha mwanga", linabeba bidhaa mbili zisizofanana hata kidogo, na kwamba kabla ya zote mbili kuna ukuta.

Hatua ya 1: Kaa unapokaa, saa unayokaa

Usianzie dukani. Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, mpe mtu akibandike bapa ukutani pale unapotaka picha ikae, wewe ukae kwenye kochi lako. Chochote utakachokiona ndani ya kioo kile, iwe dirisha, taa, runinga au mlango ulio wazi, ndicho kitakachoonekana juu ya picha. Rudia asubuhi, jioni na usiku taa zikiwa zimewashwa. Zoezi hili halichukui hata dakika 10 kwa jumla, na limewaokolea wateja wangu fedha nyingi kuliko ushauri mwingine wowote ninaoutoa.

Hapa kwetu lina uzito wa pekee kwa sababu ya jua. Dodoma iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, katika nyanda za juu za zaidi ya mita 1,000, na kiangazi chake ni kirefu, kuanzia Mei hadi Novemba, mbingu ikiwa wazi siku nyingi. Saa sita mchana jua huwa juu sana mwaka mzima. Hata Juni, linapokuwa limeegemea kaskazini kabisa, bado linapanda kiasi cha nyuzi 60, kwa hiyo upenu wa kawaida wa nyumba unalizuia lisiingie ndani. Madirisha yanayosumbua ni ya mashariki na magharibi, ambako jua huingia likiwa chini na kuufikia ukuta wa pili. Kama dirisha lako kubwa linatazama magharibi, ukuta unaolielekea ndio mbaya kuliko zote: picha itapigwa na jua la saa kumi na moja jioni, na wewe utaliona dirisha zima juu yake. Ipeleke kwenye ukuta unaopakana na dirisha, sio ule unaokabiliana nalo.

Ikishindikana kuhama, jaribu kuinamisha. Shusha kidogo sehemu ya kufungia kamba nyuma ya fremu, au bandika vipande viwili vya mpira nyuma ya pembe za juu na kuiacha kamba ilegee, mpaka sehemu ya juu ya fremu ielekee mbele kidogo. Mng'ao wa dirisha utashuka, na badala yake utaona sakafu, ambayo kwa kawaida ni nyeusi zaidi.

Hatua ya 2: Itazame picha yenyewe

Kioo cha kawaida hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwenye uso wake wa mbele na asilimia 4 nyingine kwenye uso wa nyuma. Jumla ni 8, na mtu akisikia 8 anaiona ndogo. Lakini sehemu nyeusi ya picha nayo hurudisha mwanga mchache tu. Dirisha la Dodoma saa nane mchana linang'aa mara nyingi kuliko chumba, na asilimia 8 ya dirisha hilo inatosha kabisa kuifunika suti nyeusi.

Ndiyo maana picha za mahafali zinasumbua kuliko zote ninazotengeneza. Mji huu umejaa vyuo, na kila msimu naletewa joho jeusi mbele ya pazia la rangi nzito. Bwana harusi mwenye suti nyeusi naye ni hivyo hivyo, na picha za zamani za studio zenye giza pembeni. Hizi zinastahili kioo kizuri. Cheti cha karatasi nyeupe, ramani, au mchoro wa rangi za maji wenye nafasi nyeupe nyingi hausumbuki sana, kwa sababu weupe wake unaushinda mng'ao.

Kuna kazi zisizotaka kioo kabisa. Mchoro wa rangi za mafuta kwenye turubai hauwekewi. Tingatinga, ambayo tangu Edward Saidi Tingatinga alipoianzisha Dar es Salaam mwaka 1968 ilichorwa kwa rangi ya kung'aa juu ya hadibodi, inang'aa yenyewe. Kioo juu yake ni gharama bure.

Hatua ya 3: Zijue bidhaa mbili zenye jina moja

Hapa ndipo nilipomkosea yule mama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ya kwanza ni kioo cha mati. Uso wake umekwaruzwa kwa asidi kiwandani mpaka ukawa na vipele visivyoonekana kwa macho. Mwanga wa dirisha ukikipiga haurudi ukiwa na umbo la dirisha, unatawanyika kila upande. Kumbuka kwamba mwanga wenyewe haujapungua, umesambazwa tu. Kikipigwa na taa au jua moja kwa moja, uso mzima hugeuka kijivu kama kioo cha gari chenye vumbi, na weusi wa picha unakuwa kama jivu. Pia vipele vile vile vinavyoutawanya mwanga unaoingia vinautawanya na unaotoka kwenye picha. Kioo kikigusana na picha, madhara ni madogo. Kikiachana nayo milimita 1, mistari inaanza kulainika. Kadi zangu mbili ziliacha karibu milimita 3, na baba wa watu akapotelea humo.

Sikikatai moja kwa moja. Kwa bango la ofisini, ratiba, au ramani iliyolala bapa chini ya kioo bila kadi ya pembeni, kinafaa na bei yake si kubwa. Kwa uso wa mtu mnayempenda, hapana. Wala usikubali kuuziwa kile kioo cha madirisha ya bafuni ukaambiwa ni kitu kile kile. Cha bafuni kimetengenezwa ili kisionyeshe.

Ya pili ni kioo kilichopakwa tabaka. Uso wake ni laini kabisa. Juu yake kiwandani kimewekewa tabaka nyembamba za oksidi, kama za silikoni na titani, unene wa kila moja ukiwa mdogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga. Mwanga unaorudi kutoka juu ya tabaka na unaorudi kutoka chini yake hukutana kilele kwa bonde, vikafutana. Ule uliokuwa urudi machoni pako unapita na kwenda kwenye picha. Vioo bora vya aina hii vimepakwa pande zote mbili na vinarudisha chini ya asilimia 1. Ukivaa miwani ya kuona iliyopakwa dawa ya kuzuia mng'ao, unaijua kazi hii: iinamishe kidogo utaona rangi ya kijani au zambarau ikipita juu ya lenzi. Kwenye fremu ni hivyo hivyo. Rangi hiyo hafifu hubaki kwa sababu kufutana hakuwi sawa kwa rangi zote, na hakuna kiwanda kilichoiondoa kabisa. Mwambie mteja mapema, asije akadhani umempa kioo kibovu.

Ukikutana nacho kwa mara ya kwanza utataka kunyoosha kidole kuhakikisha kipo.

Viwanda vinavyojulikana kwa kazi hii ni pamoja na Schott ya Ujerumani, wanaotengeneza Mirogard, Tru Vue ya Marekani wenye Museum Glass, na Groglass ya Latvia wenye Artglass. Bei ni mara kadhaa ya kioo cha kawaida. Ndiyo sababu nimekutaka uanze na ukuta.

Hatua ya 4: Kijaribu mbele ya muuzaji

Maneno ya muuzaji yaweke pembeni. Omba kipande cha pembeni, hata cha ukubwa wa kiganja, ufanye majaribio matatu.

Washa tochi ya simu, ielekeze kwenye kioo kwa mshazari kisha utafute taswira za taa ndani yake. Kioo cha kawaida kitakuonyesha nukta mbili nyeupe zenye nguvu sawa, moja ya uso wa mbele na nyingine ya uso wa nyuma. Kilichopakwa pande zote mbili kitaonyesha nukta mbili hafifu zenye rangi, zambarau, buluu au kijani. Ukiona moja nyeupe kali na moja hafifu yenye rangi, kimepakwa upande mmoja tu, na bei iwe ya upande mmoja. Cha mati hakitakuwa na nukta, kitakuwa na wingu.

La pili, kiweke juu ya gazeti, usome. Kisha kiinue kiasi cha vidole vitatu, usome tena. Kioo kilichopakwa hakibadilishi kitu. Cha mati kitakufutia herufi ndogo. Ningefanya jaribio hili siku ile, nisingemuumiza mama wa watu.

La tatu, kisimamishe utazame ukingo wake. Kijani kizito maana yake ni kioo cha kawaida chenye chuma, na rangi hiyo inaingia kidogo kwenye picha, hasa kwenye karatasi nyeupe. Vioo vizuri vya picha mara nyingi hutengenezwa kwa malighafi yenye chuma kidogo na ukingo wake unakaribia weupe. Jaribio hili peke yake halithibitishi kama kimepakwa, ila linakueleza ubora wa kioo chenyewe.

Hatua ya 5: Uliza habari ya kufifia, kando na mng'ao

Watu huchanganya mambo haya mawili na wauzaji hawawasahihishi. Kioo kinaweza kuwa hakirudishi mwanga na bado kikaipitisha miale ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye vifungashio, ambayo hufifisha rangi na kuifanya karatasi iwe ya manjano na kukatika. Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya miale hiyo. Soma asilimia iliyoandikwa. Museum Glass, kwa mfano, inazuia hadi asilimia 99, na zipo aina nyingine za kioo kilichopakwa ambazo hazifiki hapo.

Kama kifungashio hakipo, tafuta taa ya kukagulia noti, iliyoandikwa nanomita 365. Mulika karatasi nyeupe ya printa mahali penye giza, itang'aa kwa rangi ya buluu. Sasa weka kioo katikati ya taa na karatasi. Mng'ao ukipungua sana, kioo kinazuia. Ukibaki karibu vile vile, hakizuii. Taa za nanomita 395 zitakudanganya, kwa sababu ziko mpakani mwa mwanga tunaouona.

Hata hicho cha asilimia 99 hakikupi ruhusa ya kuianika picha juani. Mwanga wa kawaida tunaouona nao unafifisha, na picha zilizotolewa kwenye printa za bei ndogo huanza kugeuka rangi mapema. Kwa picha isiyo na nakala ninawaambia watu waipige skani kwanza, waweke ile nakala ukutani, na ya asili wailaze kwenye bahasha kabatini. Natamani familia nyingi zaidi zingefanya hivyo. Nimeletewa picha za miaka ya 1970 zilizogeuka nyekundu kabisa, na sina dawa yake.

Hatua ya 6: Kipimo, unene, uzito

Kioo cha picha ni milimita 2 hadi 2.5. Ukienda kwa mafundi wa madirisha utapewa 3 au 4, ambavyo ni vizito bila faida. Hesabu ni rahisi: mita moja ya mraba ya kioo cha milimita 1 ina kilo 2.5. Picha ya sentimita 40 kwa 50 ni mita ya mraba 0.2, basi kwa milimita 2 ni kilo 1 tu. Ukubwa wa A1 ni nusu mita ya mraba: kilo 2.5 kwa milimita 2, lakini 5 kwa milimita 4, kabla hujaongeza mninga. Ukuta wa tofali za kuchoma wenye plasta laini hauushiki mzigo huo kwa msumari mmoja. Tumia plagi na skrubu mbili.

Pima ndani ya mfereji wa fremu, nyuma, mahali kioo kinapokaa, na upunguze milimita 2 kwenye urefu na 2 kwenye upana. Mbao hupanuka masika na kusinyaa kiangazi. Kioo kilichobanwa hupasuka pembeni bila mtu kukigusa.

Kwa kipimo kikubwa kuliko A1 fikiria akriliki iliyopakwa, yaani plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo. Uzito wake ni chini kidogo ya nusu ya kioo na haivunjiki vipande. Ila kwa Dodoma ninaiogopa kwa sababu moja, vumbi. Akriliki ikifutwa hupata umeme tuli na kuvuta kila chembe iliyoko hewani, na ile isiyokuwa na tabaka gumu hukwaruzika haraka. Mchoro wa makaa au chaki usiuwekee akriliki ya kawaida kamwe, maana umeme huo unaweza kuinua unga wa mchoro kutoka kwenye karatasi.

Hatua ya 7: Kuagiza na kusafirisha

Kioo kilichopakwa mara nyingi utakiagiza, na mara nyingi kitapitia Dar es Salaam. Ni kilomita kama 450 za barabara. Agiza kikiwa kimekatwa kwa vipimo vyako pale ambapo muuzaji ana mazoea ya kukikata, kwa sababu vioo vingi vya aina hii vina upande wa kukatia na upande wa kutazama picha, na alama ya upande huo huwa kwenye filamu au karatasi ya kiwandani. Karatasi hiyo ikitupwa kabla hujaisoma, umepoteza habari ya maana. Mwombe aandike kwenye kipande cha selotepu: "upande wa picha".

Vioo visafiri vikiwa vimesimama, karatasi safi katikati, vikiwa vimefungwa kati ya mbao mbili za plaiwudi. Kioo kilicholazwa chini ya mizigo ya basi hupasuka kwa urahisi gari linapopita tuta. Kipokee mwenyewe stendi, na ukifungue hapo hapo mbele ya wakala.

Hatua ya 8: Kufunga na kusafisha

Vaa glavu safi. Alama ya kidole kwenye kioo kilichopakwa inaonekana zaidi sana kuliko ile ya kwenye kioo cha kawaida, kwa sababu mafuta yanaharibu ule mpangilio wa mawimbi na sehemu hiyo inaanza kung'aa peke yake.

Picha isigusane na kioo. Unyevu wa masika ukiingia, gundi ya karatasi ya picha hulainika na kuganda kwenye kioo, na kuibandua ni kuichana. Kadi ya pembeni isiyo na asidi inatosha kuacha nafasi, na kwa kioo kilichopakwa unaweza kuweka hata mbili. Hapa ndipo kinapolipa gharama yake. Nyuma ziba kwa karatasi ya kaki na tepu pande zote nne. Kwetu kiangazi vumbi linapita hata kwenye tundu la msumari, mijusi inapenda kulala nyuma ya fremu, na mchwa ukiifikia hadibodi hautakupigia hodi. Kila baada ya miezi michache ishushe picha uitazame mgongo.

Kusafisha ndiko watu wanakoharibu. Milima ya hapa ni ya mawe ya granaiti, na vumbi lake lina chembe za madini ya kwazi (quartz), ambayo ni magumu kuliko kioo. Ukipitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi hilo unasugua kwa msasa, na tabaka likikwaruzika halitengenezeki. Pulizia kwanza kwa bomba la mpira, lile la kusafishia kamera, au pangusa kwa brashi laini sana ya mapambo isiyowahi kutumika. Kisha nyunyizia dawa ya vioo isiyo na amonia kwenye kitambaa cha maikrofaiba, usinyunyizie kwenye kioo, kwa sababu maji yatateremka mpaka kwenye mfereji na kupanda kwenye karatasi ya picha. Futa polepole kutoka katikati kwenda nje, ukigeuza kitambaa kila mara. Kwa akriliki acha spiriti na amonia kabisa, maji safi yenye tone la sabuni ya vyombo yanatosha. Kitambaa hicho kioshe peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo huacha utando wa mafuta, na utauona jioni jua litakapoingia dirishani.